Uhuru: jina moja, wenyewe wengi

Mchana wa Januari 30, 2018, maelfu ya watu walifurika Uhuru Park jijini Nairobi kumshuhudia Raila Odinga akila kiapo cha kuwa “rais wa wananchi”. Rais aliyekuwa Ikulu, aliyeapishwa miezi miwili kabla kwa kipindi chake cha pili, aliitwa Uhuru. Barabara kuu iliyopita ubavuni mwa umati ule ni Uhuru Highway. Na babake Raila, Jaramogi Oginga Odinga, ndiye aliyechapisha mwaka 1967 kitabu alichokiita Not Yet Uhuru, akiwaambia Wakenya kwamba bendera imepanda lakini walichokipigania hakijafika. Serikali ilizima vituo vikubwa vya televisheni siku ile. Aliyetaka kumsimulia jirani yake kilichotokea alilazimika kutaja jina moja mara tatu au nne, na kila mara likisimamia kitu kingine: mahali, mtu, njia, na dai.

Sidhani kama kuna jina jingine katika Kiswahili lililobebeshwa mizigo mingi kiasi hiki. Limepewa kilele cha mlima, gazeti, uwanja wa mpira, reli, shule, hospitali, chombo cha angani, bendi ya Jamaika na mtoto aliyekuja kuwa rais. Wengi wetu tunalipita kila siku bila kulisikia. Nimekuwa nikilifuatilia kwa sababu naamini namna watu wanavyogawana jina hili inatueleza mengi kuhusu wao kuliko hotuba za sikukuu.

Kabla halijawa jina la taifa lolote, uhuru ulikuwa hali ya mtu mmoja mmoja, na ulikuwa na karatasi. Katika pwani ya karne ya 19 watu waligawanyika kati ya mtumwa na mwungwana, na katikati yao alikuwepo aliyeachwa huru: aliyekombolewa, aliyejikomboa kwa fedha zake, au ambaye bwana wake alimwandikia hati ili kupata thawabu. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari na soko la Unguja vilipigwa marufuku mwaka 1873. Utumwa wenyewe uliondolewa nguvu ya kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini sheria ile haikumwachia mtu yeyote kwa mkupuo. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani kuomba uhuru wake, na aonyeshe kwamba anapo pa kuishi na njia ya kujilisha, la sivyo angehesabiwa mzururaji. Bwana alilipwa fidia, mtumwa hakulipwa kitu. Masuria hawakuguswa na sheria ile hadi mwaka 1909. Pwani ya Kenya ilisubiri hadi 1907, na Tanganyika, ambako Wajerumani walitoa hati za uhuru kwa maelfu bila kuufuta utumwa, ilisubiri hadi 1922 chini ya Waingereza.

Ninayaeleza haya kwa urefu kwa sababu tunapenda kuanza habari za uhuru miaka ya 1950, kana kwamba neno lilizaliwa jukwaani. Halikuzaliwa jukwaani. Wazee waliokwenda kuwasikiliza viongozi wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, pale Mnazi Mmoja na Jangwani walilikuta neno nyumbani kwao. Miaka 32 tu inatenganisha kufutwa kwa utumwa Tanganyika na kuanzishwa kwa TANU hapo Julai 7, 1954. Mtu aliyezaliwa mtumwa aliweza kabisa kuwa hai na kuhudhuria mkutano. Kijana alipopaza sauti “Uhuru!” na umati ukaitikia, walikuwepo waliosikia jambo walilolijua kwa ngozi zao, jambo ambalo bibi zao walilisotea mlangoni kwa kadhi. Mwalimu Nyerere na wenzake walilichukua neno la mtu binafsi wakalivika watu milioni tisa kwa pamoja. Kwa maoni yangu hicho ni kitendo kikubwa kuliko kupandisha bendera.

Bendera yenyewe ilipanda usiku wa kuamkia Desemba 9, 1961, katika mahali pawili kwa wakati mmoja. Dar es Salaam ilipandishwa Uwanja wa Taifa. Kilimanjaro, Luteni Alexander Nyirenda aliifikisha pamoja na mwenge hadi juu kabisa, mita 5,895, katika kilele ambacho Hans Meyer, Mjerumani aliyefika pale mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alikuwa amekipa jina la mfalme wake, Kaiser Wilhelm. Kuanzia hapo kikaitwa Uhuru. Miaka miwili kabla, ndani ya baraza la kutunga sheria, Nyerere alikuwa ameahidi kuuwasha mwenge huo mlimani ili uwape matumaini hata walioko ng'ambo ya mipaka. Leo mpanda mlima kutoka nchi yoyote huzungumza juu ya kufika Uhuru kama anavyozungumza juu ya kufika kituoni. Kwa wapagazi na waongozaji wa Marangu na Machame ni jina la kazi: mgeni amefika Uhuru, au ameishia Gilman's, kabla ya kilele. Nalipenda matumizi hayo. Linapotamkwa na watu waliobeba mizigo ya wageni mabegani kuipandisha mlima wao wenyewe, jina linarudi kuwa kitu kinachopatikana kwa pumzi.

Chini mjini, Kichwele Street ikageuka Barabara ya Uhuru. Inaanzia Mnazi Mmoja, inapita Kariakoo na Ilala, inaelekea Buguruni. Wanaokuja Dar es Salaam kununua khanga na vitenge kwa jumla wanaijua kwa maduka yake. M. G. Vassanji, mwandishi aliyekulia katika jiji hilo, aliipa mkusanyiko wa hadithi zake jina la mtaa huo, na kwa kufanya hivyo akawapeleka wasomaji wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini kwenye uhuru wenye mashine za kushonea, madeni na majirani wa dini mbalimbali. Kando ya barabara hiyo ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, ambako watoto wasioona na wenye ulemavu mwingine husoma pamoja na wenzao. Ningeulizwa ni jengo lipi Tanzania limelitendea haki jina hili, ningeitaja shule hiyo kabla ya mnara wowote.

Uwanja wa Taifa nao uliachia jina lake. Ulipojengwa uwanja mkubwa wa watu 60,000 mwaka 2007, wa zamani ukabaki kuwa Uwanja wa Uhuru, ingawa mashabiki wa soka wanauita Shamba la Bibi na hawana mpango wa kuacha. Gazeti la chama tawala, Uhuru, lilianzishwa mwaka ule ule wa 1961, na linaendelea kutoka chini ya CCM. Agosti 2021 lilifungiwa kwa siku 14 baada ya kuandika kwamba Rais Samia Suluhu Hassan hakuwa na nia ya kugombea mwaka 2025. Habari ile ilikanushwa na wahariri wakawajibishwa na chama chenyewe. Hata hivyo, kwa sisi tuliomo katika kazi ya uandishi, kusoma kwamba Uhuru limefungiwa kulikuwa na uzito wa aina yake, na sidhani kama uzito huo ulitokana na jina peke yake. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alifuta sherehe za Desemba 9 na kuelekeza fedha zake, karibu shilingi bilioni moja, zijenge hospitali Chamwino, Dodoma. Ikaitwa Hospitali ya Uhuru. Wako waliosema gwaride ni kumbukumbu isiyopaswa kuguswa. Mimi naona wodi ya wazazi ni kumbukumbu pia.

Rudi Nairobi sasa, maana huko jina lilipita katika majaribu makali zaidi. Uhuru Highway ilikuwa Princess Elizabeth Way. Uhuru Gardens, kwenye njia ya Lang'ata, ndipo bendera ilipopandishwa Desemba 12, 1963. Uhuru Park ilifunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta mwaka 1969, mwaka ule ule ambao chama cha Jaramogi Odinga, KPU, kilipigwa marufuku na Jaramogi mwenyewe kuwekwa kizuizini. Kwa miaka mingi ilikuwa bustani ya kupunga upepo Jumapili, watoto wakipanda boti, wapiga picha wakingoja wateja. Kisha mwaka 1989 chama tawala, KANU, kikataka kujenga humo jengo la ghorofa 60 pamoja na sanamu kubwa ya Rais Moi.

Wangari Maathai alianza kuandika barua. Aliwaandikia mawaziri, wafadhili, mabalozi. Bungeni alitukanwa, akaitwa mwanamke aliyeachika, na shirika lake la Green Belt likafukuzwa katika ofisi lililokuwa likitumia. Wafadhili wakarudi nyuma na jengo halikujengwa. Nimesoma mara nyingi sifa anazopewa kwa kuokoa miti, na anastahili. Lakini angalia pia alichokiokoa kwa jina: bila yeye Uhuru Park ingekuwa uwanja wa mbele wa makao makuu ya chama kimoja.

Miaka mitatu baadaye ndipo bustani ilipojua kwa nini iliokolewa. Mwisho wa Februari 1992, kina mama ambao wana wao walikuwa wafungwa wa kisiasa walikwenda kukaa katika kona moja ya bustani, wakagoma kula, wakasema hawaondoki hadi watoto wao waachiwe. Wangari alikaa nao. Machi 3 polisi waliwavamia kwa virungu na mabomu ya machozi, Wangari akapigwa hadi akapoteza fahamu. Baadhi ya kina mama wazee walivua nguo mbele ya askari, laana ambayo kila kijana wa Kikuyu na wa makabila mengi ya Kenya anajua maana yake. Askari waligeuza nyuso. Wanawake wale walihamia kwenye kanisa kuu la All Saints lililo jirani, wakaendelea na madai yao kwa miezi mingi, na hadi mwaka 1993 wengi wa wafungwa walikuwa wameachiwa. Kona ile ikapewa jina la Kiingereza, Freedom Corner. Bustani iliyokuwa tayari ikiitwa Uhuru ililazimika kupewa jina hilo hilo mara ya pili, kwa lugha nyingine, kwa sababu la kwanza lilikuwa limezoeleka mno kwenye kibao. Kwa hiyo Agosti 27, 2010, Katiba mpya ilipotangazwa rasmi katika bustani hiyo hiyo mbele ya umati mkubwa, waliokuwa wanajua hawakuona mahali palipochaguliwa kwa ukubwa wake tu.

Uhuru Muigai Kenyatta alizaliwa Oktoba 26, 1961, miezi miwili baada ya babake, Mzee Jomo, kuachiwa kutoka kizuizini. Kenya ilikuwa bado koloni. Mzee alimpa mtoto jina la kitu ambacho hakijafika, na watoto wengi wa Afrika Mashariki wa miaka ile walipewa jina hilo hilo kwa matumaini yale yale. Lakini huyu mmoja alipokuwa rais, kuanzia 2013 hadi 2022, jina lilibadilika matumizi mitaani Kenya. Katika vichwa vya habari “Uhuru” ni mtu. Ukitaka kuzungumzia jambo lenyewe unalazimika kuongeza kitu: uhuru wa kujieleza, uhuru wa nchi, uhuru wa kweli. Mtanzania anayesoma gazeti la Mombasa huchukua muda kuzoea sentensi kama “Uhuru azuru Kisumu”.

Jina lilikwenda pia kwa njia ya chuma. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia utawala wao mwaka 1965, Zambia ilijikuta shaba yake haina mlango wa bahari usiopita mikononi mwa serikali za kibaguzi au za Wareno. Nchi za Magharibi na Benki ya Dunia zilikataa kugharimia reli ya kwenda Dar es Salaam. China ikatoa mkopo usio na riba. Kazi ilianza rasmi mwaka 1970, na kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi zikakamilika mwaka 1975, na mwaka uliofuata zikakabidhiwa. Ikaitwa Reli ya Uhuru. Abiria wa Mlimba, Makambako na Mbeya hawaiiti hivyo, kwao ni Tazara. Makaburi ya Wachina waliofia kazini yako Gongo la Mboto. Hapa uhuru uliotajwa haukuwa wa Tanzania wala wa Zambia, ambazo zilikwisha kuupata. Ulikuwa wa wengine: Msumbiji, Angola, Zimbabwe, Namibia, Afrika Kusini. Nchi mbili maskini zilibeba deni la miaka mingi kwa jina la uhuru wa majirani, na sioni kwamba tumelisimulia hilo vya kutosha kwa vijana wetu.

Majirani wenyewe hawajasahau neno. Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu 1963, na wapiganaji wa kusini waliishi na kufanya mafunzo Kongwa, Nachingwea, Mgagao. Waliondoka na Kiswahili kidogo mdomoni. Hadi leo magazeti ya Harare huziita sherehe za uhuru wa Zimbabwe za Aprili 18 Uhuru, na timu za huko hucheza Uhuru Cup siku hiyo. Nigeria, nchi isiyozungumza Kiswahili, waandishi wake hutumia kila mara maneno ya kitabu cha Odinga wanapotaka kusema kwamba safari haijafika mwisho: uchaguzi umekwisha lakini bado si Uhuru, mgonjwa ametoka hospitali lakini bado si Uhuru. Wengi wao hawajakiona kitabu. Neno limeingia kwenye Kiingereza chao kama mkaazi wa kudumu.

Desemba 12, 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ya Marekani aina ya Scout ilirushwa kutoka jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Ilibeba chombo cha kwanza katika historia kilichotengenezwa kwa ajili ya kuchunguza mbingu kwa miale ya eksirei peke yake. Marjorie Townsend, mwanamke aliyeusimamia mradi huo, alikipa chombo jina Uhuru kwa heshima ya wenyeji na siku yao. Kilifanya kazi hadi mwaka 1973. Kiliorodhesha vyanzo 339 vya miale hiyo, na uchunguzi wake juu ya Cygnus X-1 ulisaidia kuwashawishi wanasayansi kwamba mashimo meusi yapo kweli. Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi ya chombo hicho, alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2002. Wanaastronomia hadi leo huandika majina ya vyanzo hivyo kwa kuanza na 4U, na hiyo U ni Uhuru. Mtoto wa Malindi anayesoma fizikia anastahili kuambiwa kwamba herufi ya jina lililotoka kwenye lugha yake imebandikwa kwenye orodha ya nyota, na kwamba safari ile ilianzia kwenye maji anayoyaona.

Upande wa pili wa Atlantiki neno lilipokewa na watu waliokuwa na sababu zao wenyewe za kulihitaji. Mwaka 1966 mwigizaji Mmarekani Mweusi, Nichelle Nichols, alikwenda kwenye usaili wa tamthilia ya Star Trek akiwa na riwaya ya Robert Ruark iitwayo Uhuru. Kutokana nayo mhusika wake akaitwa Uhura, na baadaye akaongezewa jina la kwanza, Nyota. Alipotaka kuacha kazi hiyo, Martin Luther King alimsihi abaki. Brooklyn, mwaka 1970, wazazi Weusi waliochoshwa na shule za serikali walipata shule yao, Uhuru Sasa Shule, iliyoanzishwa na Jitu Weusi na wenzake, jina zima likiwa la Kiswahili. Kingston, Jamaika, kikundi cha vijana wa Waterhouse kilichoanza mwaka 1972 kikajiita Uhuru, kisha Black Uhuru, na mwaka 1985 kikawa cha kwanza kupata tuzo ya Grammy ya muziki wa rege. Hawa ni wajukuu wa watu walionyimwa uhuru kwa karne nyingi. Hawakuchukua neno la Kiswahili kwa pambo. Walikuwa na neno la Kiingereza tayari, na walijua nani alilishika.

Ajabu ni kwamba nyumbani hatujakubaliana tuliandike vipi kwenye kalenda. Katiba ya Kenya ya 2010 inataja sikukuu tatu za kitaifa: Madaraka, Mashujaa na Jamhuri. Desemba 12, siku ya uhuru, inaitwa Jamhuri, kwa kuwa mwaka 1964 nchi ilikuwa jamhuri tarehe hiyo hiyo, na jina la pili likalimeza la kwanza. Tanzania jina limebaki lakini mwenyewe ametoweka. Tuliposherehekea miaka 50 mwaka 2011 maandishi rasmi yalisema “Uhuru wa Tanzania Bara”, nchi ambayo haikuwepo mwaka 1961 na haijawahi kutawaliwa na mtu. Iliyopata uhuru inaitwa Tanganyika. Na Zanzibar ilipata uhuru wake kutoka kwa Waingereza Desemba 10, 1963, chini ya Sultani Jamshid. Mwezi mmoja baadaye yakaja Mapinduzi ya Januari 12, 1964, na siku hiyo ndiyo inayoadhimishwa visiwani. Desemba 10 hupita kimya, bila gwaride wala mapumziko.

Ninaelewa hofu iliyopo nyuma ya ukimya huo. Wako wanaodhani kuitaja Tanganyika ni kuubomoa Muungano, na wako wanaodhani kuikumbuka Desemba 10 ni kumtamani Sultani. Sikubaliani na wote wawili. Mtu anaweza kuamini kwa moyo wote kwamba Mapinduzi ndiyo yaliyowafikishia wengi wa Unguja na Pemba uhuru, na bado akamfundisha mtoto wake nini kilitokea mwezi uliotangulia. Vitabu vya historia vya shule zetu za msingi vina nafasi ya kutosha kwa tarehe mbili za Desemba, Tanganyika ya tarehe 9 na Zanzibar ya tarehe 10, kila moja kwa jina lake kamili, pamoja na sheria za 1897, 1909 na 1922 zilizokuja kabla yake.